Fundi majokofu wa Magomeni, Mtwara: pale mwanafunzi wa fildi anafundishwa kweli

Ukiwa Mtwara mjini na friza yako imeanza kusumbua, ipeleke kwa fundi majokofu wa Magomeni, yule mwenye karakana ya mabati ya buluu iliyopangwa makasha ya friji ukutani kwa nje. Kazi yake ni safi, bei yake inavumilika, na akikwambia kesho asubuhi basi ni kesho asubuhi, isipokuwa msimu wa korosho, nitaueleza mbele. Lakini si hayo hasa yaliyonikalisha kuandika. Ninachotaka watu wakijue ni namna anavyowapokea vijana wa chuo wanaokwenda kwake kujifunza kazini. Nimeona sehemu nyingi zinazopokea wanafunzi wa fildi, Mtwara na Lindi, na hii ndiyo ya kwanza ambayo mwanangu ningempeleka kwa moyo mweupe. Karakana haina kibao na mwenyewe hataki kutajwa jina mitandaoni. Ulizia fundi friza Magomeni, bodaboda watakufikisha.

Mimi ni muuza samaki. Nanunua kwa wavuvi wa Msangamkuu wanaovuka na kivuko asubuhi, na mzigo ukikosekana naagiza Msimbati: changu, kolekole, jodari, pweza, ngisi. Nina friza za kulala za kuhifadhia mzigo na nyingine ya kugandisha barafu za kuuza. Kwa biashara yangu, friza ikizima saa nne usiku nisijue, asubuhi nimeshaingia hasara ya laki kadhaa, kwa joto hili la kwetu. Tena hewa ya bahari ina chumvi. Inakula bati la chini na mabomba, hasa yale ya chuma na alumini, na friza ya samaki inaliwa upesi kuliko ya soda kwa sababu maji ya chumvi yanachuruzika humo humo kila siku. Kwa hiyo mafundi friji nawajua, na nimewalipa wengi.

Wengi wao ni mafundi wa kujaza gesi. Friza ikipoteza baridi anakuja na mtungi wake, anajaza, anapokea hela, anaondoka. Wiki chache baridi imekwisha tena, unampigia, anajaza tena. Ilinichukua muda mrefu kuelewa jambo ambalo binti mmoja wa chuo alinieleza kwa dakika mbili pale Magomeni: gesi ya friji haiishi kwa kutumika. Inazunguka humo humo ndani ya mabomba, miaka na miaka. Ikipungua, kuna tundu, na anayejaza bila kulitafuta tundu anakuuzia baridi ya wiki tatu.

Binti huyo ndiye aliyenipokea siku niliyokwenda mara ya kwanza. Overoli ya buluu, kitambaa kichwani, miwani ya kujikinga inaning'inia shingoni. "Shikamoo mama, karibu." Akanivutia kiti, akashusha friza kutoka kwenye kirikuu akisaidiana na wenzake, kisha akaanza kuniuliza maswali ambayo hakuna fundi aliyewahi kuniuliza. Baridi ilipotea taratibu au ghafla? Upande mmoja unagandisha na mwingine haugandishi, au pote sawa? Mashine inazunguka bila kupumzika, au inawaka na kuzima upesi upesi? Nyumbani umeme ukikatika ukarudi kwa nguvu, huwa nachomoa waya au naacha? Nani aliishika friza hii mwisho, na alifanya nini? Kila jibu akaliandika kwenye kadi ngumu ya manila yenye tundu na uzi. Alipomaliza akanisomea alichoandika, nikamsahihisha mahali pamoja, ndipo akaifunga kadi kwenye mpini wa friza.

Fundi mwenyewe, mzee wa makamo aliyepitia karakana za Wabenediktini wa Ndanda ujanani, alikuwa hatua tatu pembeni anasikiliza, mkono haugusi kitu. Binti alipokwisha kuandika, akamuuliza: "Kwa hiyo wewe unadhani nini?" Akajibu kwamba gesi imepungua na tundu liko chini, kwa sababu baridi ilipotea taratibu na friza ni ya samaki. Mzee akasema neno moja, "Thibitisha," akaendelea na kazi yake.

Wakathibitisha mbele yangu. Walijaza naitrojeni kwenye mabomba, wakapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, na povu likachemka pale chini kabisa, kwenye bomba la chuma lililopita karibu na tundu la kutolea maji. Wakalikata, wakaweka kipande kipya, wakachomelea. Wakabadilisha kichujio, wao wanakiita draya. Halafu wakafunga pampu ya kunyonya hewa na kuiacha ifanye kazi muda mrefu kabla ya kujaza gesi. Niliuliza kwa nini tunasubiri wakati mafundi wengine wanajaza papo hapo. Kijana wa pili akanijibu kwamba hewa na unyevu vikibaki ndani, maji yanaganda kwenye kile kibomba chembamba, yanaziba, na mashine inakufa kabla ya wakati wake. Mwisho gesi ikajazwa kwa mizani, gramu kwa gramu, kulingana na stika iliyobandikwa mgongoni mwa friza. Nimemiliki friza miaka yote hii na sikujua kwamba mgongoni pameandikwa inahitaji gesi ya aina gani na kiasi gani.

Sasa niielezee ile kadi, maana ndiyo siri ya karakana hii.

Upande wa mbele kuna maelezo ya mteja, vipimo walivyochukua, kilichokutwa, kilichofanyika na vipuri vilivyotumika. Chini kuna sehemu mbili za sahihi: aliyefanya na aliyekagua. Aliyefanya anaweza kuwa mwanafunzi. Aliyekagua ni fundi mkuu au msaidizi wake, hakuna mwingine. Upande wa nyuma mwanafunzi anaandika kwa maneno yake amejifunza nini na wapi alikwama. Siku ya Ijumaa jioni wanakaa na kadi za wiki nzima, kila mwanafunzi anahamishia zake kwenye daftari la kumbukumbu za mafunzo, fundi anasaini kadi kwa kadi, na mwalimu akija kutoka chuoni anakuta mambo yameandikwa na anaweza kuuliza swali lolote. Kadi yenyewe anapewa mteja. Mimi zangu ninazo kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati. Friza ya barafu iliposumbua baadaye nilikwenda nazo, na kijana mwingine kabisa, aliyekuja fildi wakati wale wa kwanza wameshamaliza, akaisoma historia yote na hakuanza kubahatisha.

Karatasi hiyo moja inamlinda mteja na inamfundisha kijana. Nimewauliza watu wengi kuhusu mafunzo kazini na sijaona utaratibu mwepesi kuliko huu wala wenye faida kuliko huu. Hauhitaji kompyuta, hauhitaji mfadhili. Unahitaji fundi anayekubali kukaa Ijumaa jioni kusoma mwandiko wa watoto wa watu.

Nina sababu ya kulishika jambo hili hivi. Mtoto wa dada yangu, ambaye ni mwanangu, alisoma ufundi umeme chuo kimoja na akapelekwa fildi kwenye kampuni moja kubwa. Tulifurahi nyumbani. Jina la kampuni lilikuwa zito, lina geti, lina walinzi, na mtoto alipewa kitambulisho cha kuvaa shingoni. Kipindi chote alichokaa pale alifagia stoo, alibeba chai ya wakubwa, alipanga mafaili. Alipoomba kuingia karakana aliambiwa asubiri msimamizi wake, na msimamizi hakuwahi kupangwa. Wiki ya mwisho daftari lake likasainiwa kurasa zote kwa mkupuo mmoja, mhuri juu yake, na maneno "amefanya vizuri sana". Mwalimu alikuja mara moja, akapokelewa ofisini, akanywa soda, akaona mhuri, akaondoka. Mtoto akarudi chuoni na alama nzuri na mikono isiyojua kitu. Dada yangu alikuwa ameuza korosho zake kulipia nauli na chumba cha kupanga ili mtoto akae karibu na kampuni hiyo. Bado inaniuma.

Nilipomsimulia fundi wa Magomeni hakuwalaumu wale wa kampuni. Alisema hata yeye zamani alikuwa hawataki wanafunzi, kwa sababu kijana alikuwa anatokea mlangoni asubuhi na barua ya "kwa yeyote anayehusika", hajui amekuja kujifunza nini, na fundi naye hajui amfundishe nini. Kilichobadilisha mambo ni mwalimu mmoja aliyekubali kukaa naye pale karakanani, na mtaala mkononi, wakapitia kipengele kimoja kimoja cha ngazi ya kwanza na ya pili ya ufundi majokofu na viyoyozi. Hiki kifundishwe chuoni, hiki kifundishwe hapa, hiki sote hatuna. Vyumba vya baridi, kwa mfano, karakana haina. Fundi akazungumza na rafiki yake anayehudumia vyumba vya kuhifadhia samaki, na sasa kila kundi linakwenda huko siku kadhaa.

Yeye naye akamwambia mwalimu jambo ambalo chuo kilikuwa hakijalipa uzito. Friji nyingi mpya zinazoletwa kwake zinatumia gesi ya R600a, wakati vijana walikuwa wanakuja wamezoea R134a tu. R600a ni jamii moja na gesi ya kupikia, inashika moto. Kiasi chake kwenye friji ni kidogo, gramu chache, lakini ukiwasha moto wa kuchomelea juu ya bomba ambalo bado linayo unaweza kuunguza uso. Zile za zamani kabisa, R12, ziliondolewa sokoni duniani kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa sababu zinaharibu tabaka la ozoni, na hii R134a nayo nchi zinaipunguza kwa sababu inaongeza joto la dunia. Maana yake ni kwamba kijana anayemaliza chuo leo atakutana na R600a maisha yake yote. Mwalimu akaiingiza kwenye mazoezi ya chuoni, na karakanani ikawekwa sheria kwamba hakuna mwanafunzi anayeigusa peke yake. Mimi naona hapo ndipo mwajiri anaposhirikiana na chuo kweli. Kupokea barua ya mwanafunzi mtu yeyote anaweza. Kumwambia mwalimu kazi ya mtaani imefika wapi, na mwalimu akasikia, ndiyo kazi yenyewe.

Makubaliano yao yameandikwa. Fundi alinionyesha: sahihi ya chuo, ya karakana na ya mwanafunzi, na mzazi anasaini kama kijana hajafikisha miaka 18. Yametajwa mambo ya kujifunza kwa kila kipindi, jina la anayemsimamia, saa za kazi, vifaa vya kujikinga, na kwamba mwanafunzi hatatumwa shughuli za nyumbani kwa fundi. Kufagia wanafagia, lakini wanafagia wote, na mzee mwenyewe nimemwona na fagio.

Huenda kuna mteja anajiuliza kama nilivyojiuliza mimi: kwa hiyo vijana wanajifunzia kwenye mali yangu? Ndiyo, na ni haki kuuliza. Ilinitokea. Friza yangu moja ilichomelewa vibaya, joto likazidi, kibomba chembamba kikaziba. Sikujua lolote. Fundi ndiye aliyenipigia simu: "Mama, kuna kazi tumeiharibu, inarudiwa, gharama ni yetu, utachelewa siku moja." Akanipa nafasi kwenye friza ya karakana niweke pweza wangu. Nilipokwenda kuchukua, kijana aliyekosea ndiye aliyeirudia, mzee amesimama juu yake, na yeye ndiye aliyenieleza kilichotokea. Nilimwona amejikaza kusema. Kazi zao zina dhamana ya miezi mitatu na imeandikwa kwenye kadi. Kwa wale mafundi wa kujaza gesi, makosa yao niliyalipia mimi kila mara na sikuambiwa kamwe kwamba ni makosa.

Kuna jambo lingine la wateja wenzangu, hasa wanaume. Mnafika mnampita yule binti mnauliza, "Fundi yuko wapi?" Mzee huwa anajibu, "Umeshampita." Muulizeni binti. Anajua.

Shemeji yangu ni mhasibu, na tulibishana naye juu ya haya yote tukila ming'oko kibarazani. Akaniambia kampuni kubwa zinachangia mafunzo tayari, kwa sababu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi anakatwa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile SDL inayokusanywa na TRA, na Julai 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara anayolipa. Ni kweli, na si hela ndogo. Lakini kulipa tozo hakumfundishi kijana kushika geji, kile kipimo cha presha ya gesi. Fundi wa Magomeni ana watu wachache, tozo hiyo haimhusu kabisa, na ndiye anayefundisha. Kampuni ya mwanangu, ile yenye geti, bila shaka inalipa kila mwezi, na mtoto alibeba chai. Shemeji alikubali hapo, na mimi nilikubali kwake jambo moja: mwenye kampuni naye hana raha ya kumwingiza mgeni kwenye mitambo ya mamilioni kama chuo hakijamwambia kijana anajua nini na hajui nini. Ndiyo maana narudi kwenye yale makaratasi ya mzee na mwalimu. Geti kubwa nalo lingefunguka kama mwalimu angefika na mtaala mkononi na kuomba mtu mmoja tu, kwa jina, wa kumsimamia kijana.

Mifumo ipo, si kwamba nchi imelala. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994 na msingi wake ni mafunzo yanayofuata mahitaji ya soko. Wamejaribu uanagenzi pacha pamoja na chama cha mafundi cha Hamburg, Ujerumani, kijana akisoma zamu chuoni na zamu kazini. Ofisi ya Waziri Mkuu imeendesha programu ya kukuza ujuzi iliyolipia vijana uanagenzi. Na kuna urasimishaji ujuzi, ambao naupenda kuliko yote: fundi aliyejifunza mtaani bila kukaa darasani anapimwa anachokijua, anajaziwa palipopungua, anapewa cheti. Msaidizi wa mzee wa Magomeni alipitia njia hiyo. Alianza kubeba vifaa vya mafundi akiwa kijana mdogo, hakuwa na karatasi yoyote, na sasa ana cheti cha VETA na ndiye anayekagua kadi mzee akiwa safarini. Vijana wa chuo wanamheshimu, naye amepata ujasiri wa kumwambia mwalimu, "Hapa sisi tunafanya hivi."

Mtwara tumeshaona pia ushirikiano mkubwa. Wakati kila mtu anazungumzia gesi asilia ya kusini, kampuni ya gesi ya BG ilishirikiana na VETA na shirika la kujitolea la VSO kuinua mafunzo ya ufundi hapa ili vijana wa kusini wafikie viwango vinavyotakiwa na kampuni za mafuta na gesi. Ulikuwa mpango mzuri, walimu walinolewa na karakana zilipata vifaa. Lakini mwaka 2016 BG ilinunuliwa na Shell, na mradi wa kusindika gesi wa Likong'o kule Lindi tumeusubiri miaka mingi. Mwajiri mmoja mkubwa akisitisha mipango yake, vijana wote waliofundishwa kwa ajili yake wanasitishwa naye. Nawaombea mradi uje, tena upesi. Hata hivyo friji, pikipiki, mashine za kupulizia mikorosho na pampu za maji zinaharibika kila siku, Tandahimba, Newala, Masasi, Kilwa, na nyuma ya kila kimoja kuna karakana ndogo. Wakipatikana mafundi kama huyu kila wilaya, kila mmoja akishika vijana watatu, mafunzo hayatategemea bei ya gesi duniani.

Kasoro zipo na nazisema kwa kuwa naipenda sehemu hii.

Ya kwanza ni msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba, hela zinaingia vijijini, na kila mwenye friji iliyokufa tangu mwaka jana anaikumbuka. Magari yanashusha friji kutoka Nanyamba na Tandahimba mpaka nje ya barabara. Hapo ahadi ya kesho inakuwa wiki, na kadi zinaandikwa kwa mkato. Niliona moja ya Novemba yenye mstari mmoja tu: "Imejazwa gesi." Upande wa nyuma mtupu. Nilimwonyesha mzee, hakujitetea. Vijana walioangukia miezi hiyo wanafanya kazi nyingi na kufundishwa kidogo, na si haki kwao. Chuo na karakana wangepanga kundi la fildi liingie kuanzia Februari, mambo yakiwa yametulia.

Ya pili ni bima, na hii inanitisha. Nilimuuliza mzee, kijana akiungua na moto wa kuchomelea, nani analipa hospitali? Akasema yeye atampeleka Ligula kwa hela yake, na namwamini. Lakini makubaliano yao yamekaa kimya hapo. Chuo kinaona yuko kazini, karakana inaona ni mwanafunzi wa chuo. Wema wa mzee mmoja usiwe ndiyo bima ya mtoto wa mtu. Kiandikwe, kisainiwe, kabla kundi lingine halijaingia.

Ya tatu, posho ni chakula cha mchana na nauli, basi. Kwa kijana anayeishi kwao Chikongola inatosha. Kwa aliyetoka Nachingwea au Liwale na kupanga chumba mjini haitoshi, na wawili nawajua walioacha katikati. Karakana ndogo haiwezi kubeba zaidi ya hapo, na hiyo tozo anayoisifia shemeji ingefaa ifike mpaka kwenye chumba cha kijana huyo.

Choo ni kimoja na mlango haufungi vizuri. Kwa mabinti hilo si dogo. Mzee ameahidi, na mimi kila nikipita nauliza.

Bei. Kazi ya friza yangu kubwa, pamoja na bomba, kichujio na gesi, ilinigharimu shilingi 110,000. Mafundi wa kujaza walikuwa wananitoza 40,000, na nikijumlisha walizokula kabla sijafika Magomeni ningenunua friza nyingine ya mtumba. Kuangaliwa tu tatizo ni 5,000, na ukikubali kazi inakatwa humo. Gharama unaambiwa kabla, na kipuri cha zamani unarudishiwa mkononi.

Mzazi anayetaka mwanawe afundishwe pale asimwendee mzee moja kwa moja na barua. Aanzie kwa mwalimu wa fani chuoni, kwa sababu bila mpango wa chuo mzee hapokei, na kwa wakati mmoja hachukui zaidi ya watatu. Mwenye friza afike asubuhi kabla ya saa tatu. Ijumaa wanafunga saa sita kwa ajili ya swala na kurudi saa nane, Jumapili hawafungui. Beba namba ya simu inayopatikana, sema kweli kuhusu fundi aliyeishika mwisho, na usiondoke na friza yako kabla hujaona wameweka bakuli la maji ndani likaganda na kadi imesainiwa sehemu zote mbili.